Makaa ya mawe bado ni mabichi

*"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha watu sita, tuko Mbarali. Tunatengeneza mkaa mbadala kwa pumba za mpunga na magunzi ya mahindi. Tunachomea kwenye mapipa ya lita 200, tunasaga, tunachanganya na uji wa muhogo, halafu tunashindilia kwa mashine ya mkono. Shida zetu ni hizi: kilo 100 za magunzi zinatupa kilo 17 tu za mkaa, mkaa wenyewe unatoa moshi mwanzoni, na majivu ni mengi, wateja wanasema jiko linajaa kabla maharage hayajaiva. Kuna mtu ametushauri tuchanganye vumbi la makaa ya mawe kutoka Kiwira. Anasema tukiyachoma pamoja na pumba, hewa inayotoka kwenye pumba inayasafisha makaa ya mawe, harufu inaisha, na mkaa unaopatikana unakuwa mwingi kuliko ukichoma kila kimoja peke yake. Anasema wanasayansi wamethibitisha. Tumeshajaribu kidogo, na mke wangu ndiye anayeupikia ndani. Ana mimba ya miezi mitano, na siku hizi analalamika kichwa. Je, jambo hili ni kweli? Na yale maji meusi yanayodondoka kwenye bomba la pipa, ni dawa ya mimea kama tunavyoambiwa?"*

Marahaba. Nitaanza na mwisho wa swali lako, kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Leo hii jiko litoke nje. Mkaa wowote unaowaka, hata ule mzuri usio na moshi kabisa, unatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ambayo oksijeni ingekaa. Moshi angalau unakuwasha macho ukatoka nje. Gesi hii haikupi onyo. Mtoto aliye tumboni inamwelemea kuliko mama, kwa kuwa damu yake huishikilia kwa nguvu zaidi na huchelewa kuiachia. Mpeleke mkeo kliniki kesho asubuhi, mwambieni muuguzi waziwazi kwamba anapikia mkaa ndani na kwamba mmeujaribu wa makaa ya mawe. Apimwe na shinikizo la damu pia, maana kichwa katika mimba ya umri huo kinaweza kuwa na sababu nyingine kabisa, na mimi siwezi kuitambua kwa maandishi. Akitapika, akichanganyikiwa au akizimia jikoni, mtoeni kwenye hewa safi na mkimbizeni hospitali wakati huohuo.

Sasa turudi kwenye pipa.

Nikikusoma vizuri, hofu yako ni kwamba mnapoteza mali: kilo 83 za magunzi zinakwenda wapi? Na mshauri wenu amewapa matumaini kwamba ipo njia ya kuirudisha. Kabla ya kumjibu yeye, tuelewane juu ya neno moja. Sisi sote tunasema "kuchoma mkaa", lakini mkaa hauchomwi. Kilichochomwa kinakuwa majivu. Mkaa unapikwa: mti unapewa joto huku ukinyimwa hewa, nao ukishindwa kuwaka unavunjika. Wataalamu huita kuvunjika huko pirolisisi. Moto mnaouona kwenye pipa lenu ni sehemu ya mzigo mnayoitoa sadaka ili joto lake liipike iliyobaki. Ukilishika hilo, mengi yatakayofuata utayaona mwenyewe.

Fikiria nyumba ya miti na udongo. Zipo fito, zipo kamba zinazofunga fito, na upo udongo uliokandikwa kujaza nafasi. Gunzi la mahindi, ganda la mpunga na gogo la mninga vimejengwa hivyohivyo. Fito ni selulosi, kamba ni hemiselulosi, udongo ni lignini. Joto linapopanda, nyumba haianguki yote kwa pamoja. Kwanza hadi kwenye nyuzi 100 na kidogo za Selsiasi, maji yanatoka. Kisha kamba zinakatika, kati ya nyuzi 220 na 315 hivi. Zinafuata fito, nazo zinavunjika kwa kishindo katika nafasi finyu sana, kati ya nyuzi 315 na 400. Udongo, yaani lignini, hauna haraka: huanza kumong'onyoka mapema na kuendelea polepole hadi nyuzi 900, na ndio unaoacha mkaa mwingi kuliko wenzake.

Tunajua haya kwa sababu ya chombo kimoja ambacho ningependa kila mtengeneza mkaa akione walau mara moja. Ni mizani iliyofungiwa ndani ya tanuri dogo. Unaweka unga wa gunzi, miligramu 10 hivi, kama chembe chache za chumvi. Unapitisha naitrojeni ili pasiwe na oksijeni, unapandisha joto, tuseme nyuzi 10 kwa dakika, na mizani inaandika uzito kila sekunde. Mara ya kwanza nilipokaa mbele yake nilikaa zaidi ya saa nzima nikiutazama mstari unashuka: ukaporomoka kidogo kwa ajili ya maji, ukatulia, ukaporomoka tena kwa kamba, ukazama kwa fito, halafu ukawa unateleza taratibu. Wazee wanaokaa na tanuri la udongo porini wanausoma mstari uleule kwa macho. Moshi mweupe mzito ni maji. Moshi wa manjano unaonata ni kamba na fito zinaondoka. Moshi ukiwa mwembamba wa buluu, kazi inakaribia kwisha.

Basi kilo 83 zimekwenda wapi? Sehemu kubwa haikuwa mkaa tangu mwanzo. Chukua selulosi safi: katika kila kilo 162, kilo 72 ni kaboni, na 90 zilizobaki ni haidrojeni na oksijeni kwa uwiano uleule zilionao kwenye maji. Hata ungekuwa na pipa la malaika, likatoa maji peke yake na kubakiza kaboni yote, usingevuka 44 kwa mia. Kwa vitendo hupati hata hizo, kwa kuwa kaboni nyingine inaondoka ndani ya lami, asidi ya siki, methani na gesi za kaboni. Anayewaahidi kwamba kilo 100 zitawapa kilo 60 za mkaa bora hajui hesabu hii, au anaijua na anaificha.

Hata hivyo, huenda nyinyi si wabaya kama mnavyodhani. Umesema mnapima magunzi kilo 100, hukusema yamekauka kiasi gani. Magunzi yaliyolala nje yanaweza kuwa na maji theluthi moja ya uzito wake. Kama yenu yana maji kilo 30, basi gunzi halisi ni kilo 70, na kilo 17 juu ya 70 ni zaidi ya 24 kwa mia. Kwa pipa la kawaida hiyo si aibu. Na yale maji hayatoki bure: kila kilo yake inataka joto la kuichemsha na kuigeuza mvuke, na joto hilo mnalipata kwa kuunguza magunzi mengine. Kabla ya kununua chochote, anikeni magunzi juani wiki mbili juu ya turubai, mpime tena. Nina imani namba yenu itapanda.

Jambo la pili linaloongeza mkaa ni utaratibu wa joto, na hapa utafiti una somo ambalo watu wengi hawalitarajii. Kuni zilezile zinaweza kukupa mkaa au mafuta, kutegemea haraka yako. Ukizisaga unga, ukazirusha kwenye joto la nyuzi 500 na kuupoza mvuke kabla ya sekunde 2 kupita, unapata kimiminika hadi 75 kwa mia na mkaa 12 tu. Ukizipika kwa saa nyingi, mkaa unafika 35 hivi. Sababu ni kwamba mvuke wa lami ukikawia katikati ya mkaa wa moto unavunjika tena, na sehemu ya kaboni yake inakaa palepale kama mkaa mpya. Mvuke ukiwahi kutoka, kaboni imekwenda nao. Kwa hiyo pipa lenye matundu mengi na moto mkali linawaibia mara mbili: hewa inaunguza mkaa uliokwisha kuiva, na mvuke unatoka kabla haujaacha chochote. Magunzi yapangwe yakibanana, moto uanze mdogo, matundu ya chini yazibwe moja baada ya jingine kwa udongo kadiri moshi unavyobadilika.

Lakini hapa pana mtego, nao ndio unaowaletea moshi. Mtu anayetaka kilo nyingi huzima mapema. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina hesabu nzuri ya zamani kuhusu mkaa wa miti: ukiupikia nyuzi 300, kilo 100 za mti mkavu zinakupa mkaa kilo 42, lakini karibu theluthi ya mkaa huo, 31 kwa mia, bado ni vitu vitakavyotoka kama moshi. Ukifika nyuzi 500 mkaa unapungua hadi kilo 33, na moshi uliofungwa ndani unashuka hadi 13 kwa mia. Tazama vizuri: zile kilo 9 za ziada hazikuwa mkaa, zilikuwa moshi mliouuza kwa bei ya mkaa. Mteja anazilipia, kisha anazitoa machoni. Kwenye pipa lenu naona chini kunafika nyuzi 500 na juu hakufiki 350, halafu mnasaga vyote pamoja. Vipande vya kahawia, vinavyovunjika kama mti badala ya kukatika kwa mng'ao, vitengwe na virudi kwenye pipa linalofuata. Na huo uji wa muhogo nao ni chakula kibichi. Ukizidi, moshi wa dakika za kwanza ni wake. Punguzeni mpaka kidonge kishikane tu, mkikaushe hadi ndani.

Majivu ni kesi nyingine, na sina habari njema. Ganda la mpunga limebeba silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Katika kila kilo 100 za pumba, kati ya kilo 15 na 20 ni majivu, na joto la pipa halipunguzi hata gramu moja. Ndiyo maana pumba zinaonekana kutoa mkaa mwingi. Ukipata kilo 40 kutoka kwenye kilo 100 za pumba ukafurahi, kumbuka kilo 18 hivi kati ya hizo ni majivu, yaani karibu nusu ya gunia. Hakuna namna ya kupika itakayobadilisha hilo. Ningekuwa mimi, ningeziacha pumba nje ya mkaa wa jikoni, au zisizidi sehemu moja kwa nne za magunzi. Pumba zina kazi nyingine: wachoma matofali wanazitaka zikiwa mbichi, na zikipikwa, mkaa wake unaweza kuingia shambani, hasa kwenye udongo wenye asidi na mchanga. Mnaposaga, vaeni barakoa na lowesheni kidogo, vumbi la silika si rafiki wa mapafu.

Nimefika kwa mshauri wenu.

Kiswahili chetu kimeviweka mkaa na makaa ya mawe katika nyumba moja, na nadhani hapo ndipo kosa linapoanzia. Mtu akisikia "makaa" anadhani ni kitu kilichokwisha kuiva, kimebadilika jiwe tu. Siyo. Makaa ya mawe ni mimea iliyozama kwenye vinamasi. Ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, huku kusini mwa Tanzania, ni ya mimea ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikafunikwa na matope na kukandamizwa. Uzito wa ardhi na joto la chini vimeyaondolea maji na oksijeni nyingi, lakini kwa upole. Hayajawahi kuonja nyuzi 500. Ndani yake bado mna lami, gesi na salfa. Kwa mpishi, hayo ni mabichi kama gogo, na ni magumu zaidi kuiva.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe, nje, mbali na nyumba. Chukua kopo la bati, toboa kifuniko kwa msumari, weka ndani vumbi lile kijiko kimoja, kifuniko kikae kwa wepesi bila kubanwa, liweke juu ya moto mkali na usimame upande upepo unakotoka. Baada ya dakika chache moshi wa manjano utatoka kwenye tundu. Ukiusogezea kijinga cha moto utawaka kama mshumaa. Kwa gesi ya namna hiyo William Murdoch aliiwasha taa nyumba yake kule Redruth, Uingereza, mwaka 1792, na miji ya Ulaya ikaja kuangaziwa nayo. Rudia jaribio kwa mkaa wenu uliopikwa vizuri: mwali utakuwa mdogo au hautakuwapo.

Kwa kuwa makaa haya yamejengwa kwa pete za kaboni zilizofungamana, hayavunjiki pale magunzi yanapovunjikia. Huanza kulegea kwenye nyuzi 350 hadi 400. Lami inatoka kwa wingi katikati ya nyuzi 400 na 550. Salfa iliyofungwa na chuma inaanza kuachia nusu yake kwenye nyuzi 500 na zaidi, na ile iliyomo ndani ya pete zenyewe inang'ang'ania. Viwanda vinavyopika makaa ya mawe ili yayeyushe chuma huyafungia kwenye matanuri ya nyuzi 1,000 na zaidi, kwa saa 15 au 20. Sasa weka hizo namba kando ya pipa lenu. Mnapozima, kwa wastani kwenye nyuzi 400 au 450, magunzi yameiva, lakini makaa ya mawe ndiyo kwanza yanaanza kutoa lami. Mnayakatiza pabaya kuliko pote. Yaliyobaki yatatoka kwenye jiko la mteja. Kwa hili la kwako, yametokea mbele ya mkeo.

Je, pumba haziyasafishi? Mshauri wenu hajatunga. Swali hilo limechunguzwa kwa miaka mingi, katika maabara za China, Ulaya, Marekani na kwingineko. Wazo lenyewe lina akili: mimea ina haidrojeni nyingi kuliko makaa ya mawe, basi huenda mvuke wake ukaziba ncha za pete zinazovunjika, lami ikawa nyepesi na salfa ikatoka kama gesi. Namna ya kulipima ni rahisi kueleza. Unapasha pumba peke yake, unapasha makaa ya mawe peke yake, unachora mistari miwili. Unapiga hesabu mchanganyiko ungetoa nini kama kila kimoja kingefanya kazi yake bila kumjali mwenzake. Kisha unapasha mchanganyiko wenyewe na kulinganisha.

Katika joto linalopanda polepole, kama la mizani niliyokueleza na kama la pipa lenu, mara nyingi mstari wa mchanganyiko umeangukia karibu palepale hesabu iliposema. Sababu utaiona ukirudi kwenye nyuzi: pumba zinamaliza kutoa mvuke wake karibu na 400, na makaa ya mawe ndiyo yanaanza. Ni wageni wawili, mmoja anatoka kwa mlango wa nyuma wakati mwingine anabisha wa mbele. Hawakukutana, watasaidianaje? Waliopata tofauti kubwa wengi walitumia mitambo inayopasha unga ghafla, chembe zote zikavunjika kwa pamoja ndani ya sekunde, au walikuwa wanageuza mkaa kuwa gesi kwa mvuke wa maji, ambapo potasiamu na kalsiamu ya majivu ya mimea huharakisha kazi. Hata wao hawapatani wote kwa wote. Na pumba za mpunga si mshirika mzuri hata hapo, kwa kuwa silika yake huikamata potasiamu na kuifunga.

Kuna jambo moja ambalo ningependa umuulize mshauri wenu kwa heshima. Pale ambapo watafiti wamesema pumba na makaa ya mawe vimesaidiana, mara nyingi wanamaanisha kwamba gesi na lami vimeongezeka. Vikiongezeka hivyo, mkaa uliobaki umepungua. Hawezi kuwaahidi kwamba makaa yatasafishwa kwa kutoa uchafu mwingi zaidi, na papo hapo mkaa utaongezeka. Ni ama hiki ama kile. Mkaa "ulioongezeka" kwenye jaribio lenu nadhani ni majivu ya udongo uliomo kwenye makaa yenyewe pamoja na lami ambayo haijatoka.

Na kuhusu jikoni, sina namna ya kulainisha. Huko Xuanwei, katika jimbo la Yunnan nchini China, wanawake wasiovuta sigara waliugua saratani ya mapafu kwa viwango vya juu sana kwa sababu ya kupikia makaa ya mawe yenye moshi katika nyumba zisizo na bomba. Kaya zilizojengewa majiko yenye bomba la moshi zilikuja kuonyesha saratani imepungua. Katika jimbo jirani la Guizhou, watu walikaushia mahindi na pilipili juu ya moto huo, floridi ikaingia kwenye chakula ikaharibu meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014: makaa ya mawe yasiyosindikwa yasitumike kabisa kama nishati ya nyumbani. Najua STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, wanauza Rafiki Briquettes, zinazotengenezwa kwa makaa ya mawe, na huenda mshauri wenu anazitolea mfano. Huo ni usindikaji wa kiwandani, wenye vipimo. Msiuchukue kama ruhusa ya kuiga kwenye pipa. Kuna pia wanaoongeza chokaa ili ikamate salfa. Inakamata sehemu, haikamati lami, na haigusi monoksidi ya kaboni.

Maji meusi nayo. Yakitulia miezi kadhaa kwenye ndoo ya plastiki yanajitenga: chini lami nzito, juu maji ya rangi ya chai yenye asidi ya siki, methanoli kidogo na jamii ya fenoli. Wakulima wa Japani hutumia haya ya juu tangu zamani, baada ya kuyatuliza na kuyazimua kwa maji mara 200 au zaidi. Kwa hiyo aliyewaambia ana chembe ya ukweli. Lakini yakitumika makali yanaunguza majani, methanoli inapofusha anayeonja, na lami ya chini haina usalama wowote. Mwaka 1915 Yamagiwa na Ichikawa kule Tokyo walipaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura mfululizo hadi saratani ikaota. Yaliyotoka kwenye pipa mlilochanganya makaa ya mawe msiyaweke hata kwenye bustani yenu. Yale ya magunzi matupu jaribuni kwenye kitalu chenu kidogo, mbali na kisima, kwenye chombo kilichoandikwa na kufungwa watoto wasifikie. Kuyauza kama dawa ya wadudu ni jambo la TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambao ndio wanaosajili viuatilifu. Kabla ya hapo msipokee fedha ya mtu.

Ushauri wangu, basi, ni magunzi makavu, pumba kidogo au zisiwepo, makaa ya mawe yasiwepo. Kama mna fedha ya pipa la pili, fungeni magunzi ndani ya pipa lisiloingiza hewa, lenye matundu chini tu, liwe ndani ya tanuri la matofali. Gesi inayotoka kwenye matundu iwake chini ya pipa lenyewe. Mtaokoa mkaa unaounguzwa sasa, na moshi utageuka kuwa joto badala ya kuelea kwa jirani. Ni gharama, na fundi wa kuchomelea lazima ajue kuacha njia ya gesi, maana pipa lililobanwa kabisa linapasuka. Mkishazima, zibeni kwa udongo na mngoje hadi kesho yake, pipa liwe baridi mkononi. Mkaa mpya unanywa oksijeni na kujipasha. Nimewahi kuona gunia lililofungwa jioni likiwaka usiku wa manane.

Mkitaka kuuza kwa mashule au mahoteli, msitegemee macho yangu wala yenu. Nendeni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, si mbali na nyinyi, muulize kama wanawapimia; TIRDO, shirika la utafiti na maendeleo ya viwanda lililoko Msasani, Dar es Salaam, nao ni watu wa kuuliza. Ombeni namba nne: maji, majivu, vitu vinavyotoka kama moshi, na kaboni inayobaki. Hiyo ya tatu hupimwa kwa kuweka mkaa kwenye kijungu chenye kifuniko, nyuzi 900, kwa dakika 7, na ndiyo itakayowaambia kama mmezima mapema. Msipeleke kidonge kimoja kizuri mlichokichagua. Chukueni kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini ya kila pipa, mapipa matatu, mchanganye, mfunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuandika tarehe. Wiki mbili za jua zikipita, nitumie uzito wa magunzi kabla na baada ya kuanikwa pamoja na uzito wa mkaa, tupige hesabu upya. Ila la mkeo lisingoje wiki mbili; niandikie kesho mkitoka kliniki.